Santuri ya Mwisho ya Daktari Bethwel Wamalwa

Mwaka umetimia, Baba, tangu tulipokulaza upande wa juu wa shamba letu la Kibomet, pale ulipopachagua mwenyewe kwa sababu maji ya mvua hayatuami. Ulikuwa sahihi. Mvua ya mwaka huu ilikuwa kubwa na kaburi halikutitia.

Tunakuandikia tukiwa tumechoka. Hukupenda habari itiwe chumvi, kwa hiyo hatutasema kwamba tumelia kila siku. Siku nyingine tumelia. Siku nyingi zaidi tumefanya kazi. Kuna karatasi za pensheni yako ambazo kila ofisi inazirudisha kwa ofisi nyingine, kuna ng'ombe wa kukamuliwa, na kuna wageni ambao bado wanapiga hodi kuulizia santuri zako kana kwamba umetoka tu kwenda mjini. Mama amejifunza kuwajibu bila kusimama. Anawaambia mwenyewe hayupo, santuri zipo, na haziuzwi.

Wasiokujua wajue kwamba ulikuwa daktari wa mifugo wa serikali, na kwamba utumishi wako wote uliumaliza kati ya Trans Nzoia na Bungoma. Ulichanja ng'ombe kuanzia miteremko ya Mlima Elgon hadi mpakani Lwakhakha. Ulifika kwenye boma la mtu saa uliyosema utafika. Kama ng'ombe alikuwa wa kufa, ulisema atakufa, ukaeleza ni kwa nini, na hukumpiga sindano ya maji ili mwenyewe ajisikie vizuri. Watu walilalamika kwamba Daktari Wamalwa hana maneno matamu. Ng'ombe wao wakiugua walikuita wewe.

Ni katika maboma hayo ulipozikuta santuri. Ukishachanja ulinawa mikono, ulikubali chai, kisha uliuliza kama nyumba hiyo ina santuri za zamani. Wengi walidhani Daktari anatania. Ulizikuta zimefunika mitungi. Ulizikuta zimening'inizwa mashambani kufukuza ndege. Moja ilikuwa imepashwa moto na kukunjwa ikawa bakuli la maji ya kuku. Hiyo uliiacha palepale, ukasema imeshapata kazi nyingine.

Zilikuwa santuri za jazz. Ile ya Wamarekani uliiheshimu, ukaiachia wenyewe. Zako zilikuwa za bendi za huku kwetu, za enzi ambayo vijana wanne wakipata magitaa mawili na chupa ya soda ya kugonga walijiita Jazz Band, na hakuna aliyewauliza cheti. Kijana mmoja kutoka Nairobi, aliyekuja na kamera, alijaribu kukusahihisha sebuleni kwako. Alisema, "Lakini Mzee, si hii ni benga tu?" Ulimwonyesha karatasi ya katikati ya santuri. "Wenyewe waliandika Jazz," ulimwambia. "Wewe ni nani uwabatize tena?" Kisha ulimwongezea chai.

Ulizisafirisha ndani ya kisanduku cha chanjo, bila barafu, kwa sababu ulipima ukaona ndicho kitu pekee kwenye pikipiki ambacho jua haliwezi kukiingia na kuzipinda. Mama alikuonya kwamba iko siku utamdunga ng'ombe wimbo. Nyumbani uliziosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ukazipanga zikauke kwenye rafu ya vyombo, na sahani za Mama zikasubiri kwenye karai. Ugomvi huo ulidumu muda wote wa ndoa yenu. Leo rafu ya vyombo ina nafasi ya kutosha, na Mama hajasema kwamba anaifurahia.

Ulikuwa na sheria moja ambayo sisi wanao tuliikuta tulipozaliwa. Santuri haikuingia kwenye kabati mpaka umwone aliyepiga muziki ulio ndani yake, au mmoja wao, au kama wote wamekufa, watoto wao. Kabla ya hapo ilikaa kwenye sanduku la mbao karibu na mlango, nawe uliiita mgeni. Uligundua mapema kwamba wengi wa wanamuziki hao hawakuwahi kuwa na santuri zao wenyewe. Walipanda gari kwenda Nairobi, wakapiga muziki asubuhi moja, wakarudi kulima. Nakala waliyopewa iliazimwa na jirani. Kwa hiyo ulikuwa ukiwabebea sauti zao pamoja na gramafoni ya betri, mnaketi, mnasikiliza, halafu unaomba ruhusa ya kurudi nayo.

Wengine walicheka. Wengine waliomba uicheze hadi betri ikaisha. Mzee Kipkemei, aliyewahi kupiga besi na sasa analima vitunguu juu ya Kapsokwony, alisikiliza upande wa kwanza hadi mwisho, kisha akakuuliza huyo ni nani. Ulimwambia ni yeye. Alitikisa kichwa. "Siyo mimi," alisema. "Huyu hajachoka." Ulitusimulia habari hiyo mezani, neno kwa neno.

Ulipostaafu, sanduku la mlangoni lilikuwa limebaki na mgeni mmoja: santuri ya Kamukuywa Kings Jazz, wimbo wa Kibukusu kuhusu baiskeli iliyoibwa siku ya soko. Karatasi yake ilitaja bendi peke yake. Kwa kuuliza na kuuliza tena ulipata kwamba mpiga gitaa na mwimbaji aliitwa Ezekiel Nyongesa. Wenzake wote walikuwa wamefariki. Ezekiel Nyongesa ni jina ambalo kwetu unaweza kuliita sokoni na wakageuka watu kadhaa, na wewe ulilijua hilo kuliko sisi. Ndiyo maana siku zote ulidai mashahidi wawili wasiojuana kabla ya kuamini kwamba umempata mtu.

Mara moja tu hukudai wawili. Tunaliandika hapa kwa sababu wewe mwenyewe ulilisema mbele ya kanisa, na kwa sababu bila hilo mengine hayaeleweki. Siku ya Ijumaa, katika matangazo ya vifo redioni, ulisikia kwamba Mzee Ezekiel Nyongesa wa Lwakhakha, mpenzi wa muziki, angezikwa kesho yake. Ulimpigia simu mtu mmoja wa huko. Alisema ndiyo, marehemu alipenda sana gitaa. Hapakuwa na muda wa kumtafuta wa pili, na uliogopa kwamba mgeni wako atakosa hata mazishi ya mwenyewe.

Ulienda. Ulipopewa nafasi ya kuwasalimu waombolezaji, ulisimama na gramafoni ukawaambia kwamba mtu waliyemweka ndani ya jeneza ndiye aliyekuwa gitaa la Kamukuywa Kings Jazz, na kwamba sauti yake bado ipo. Ukacheza wimbo wote. Watu walilia. Mjane alikushukuru kwa kumwonyesha upande wa mumewe ambao hakuwahi kuujua. Na kweli asingeujua, kwa sababu mumewe alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe wa mpakani na hakuwahi kushika gitaa. Alipenda kulisikiliza tu.

Mtu alirekodi hotuba yako kwa simu. Jioni hiyohiyo ilikuwa imezunguka, na Jumapili kituo kimoja cha redio kikatangaza kwamba mpiga gitaa wa zamani Ezekiel Nyongesa ameaga dunia. Mpiga gitaa mwenyewe alikuwa nyumbani kwake Kamukuywa, amekaa kwenye gunia, anapukuchua mahindi. Majirani walianza kufika na sukari na majani ya chai ya matanga. Wa kwanza walicheka naye. Kisha dada yake, Mama Lorna, akashuka kwenye pikipiki kutoka Webuye akiwa amejifunga leso kichwani, analia tangu barabarani. Alipoingia langoni akamwona marehemu ameinua kichwa, alianguka. Alivunjika nyonga. Hadi leo anatembea kwa magongo, na anaishi hapo kwa kaka yake kwa sababu kwake kuna ngazi.

Hayo ndiyo uliyotaka kuyaombea msamaha. Ulienda Kamukuywa siku ya soko na siku isiyo ya soko. Mara ya kwanza bintiye Mzee Nyongesa, Mary Ann, alikusikiliza kwa adabu langoni, akaingia ndani, akarudi na jibu.

"Mzee anasema yeye ni marehemu, Daktari," alikwambia. "Ati marehemu hapokei wageni."

Ulirudi Kibomet ukatueleza, na Mama alicheka hadi akashika ukuta. Wewe hukucheka. Ulirudi tena mara nyingi, na jibu lilikuwa lilelile. Ulimtuma mchungaji, mchungaji alipewa chai na jibu lilelile. Ulimchongea Mama Lorna mkongojo wa mti mgumu, ukaupima kwa urefu wa Mama ambaye ni wa kimo chake. Mkongojo ulirudishwa kwa bodaboda kesho yake. Mwanao Linet alikushauri arekodi wimbo kwenye simu, amtumie Mary Ann, mambo yaishe. Ulimkatalia. "Nilikosa kwa mdomo wangu, mbele ya watu," ulisema. "Siwezi kwenda kuomba msamaha kupitia simu."

Tulikwambia uache. Kila mmoja wetu alikwambia kwa wakati wake. Dancan alisema mzee yule anafurahia kukuona ukisimama langoni. Joy alisema santuri moja haiwezi kumaliza maisha ya mtu. Ulijibu kwamba habari ya santuri ilikwisha zamani. Mtu aliye hai alitangazwa amekufa, na aliyemtangaza ni wewe, na hakuna mwingine anayeweza kwenda kulifuta hilo kwa niaba yako. Kwa hoja hatukuweza kukushinda.

Ulianguka zizini asubuhi, ukiwa na ndoo mkononi. Madaktari wa Kitale walituambia ni kiharusi na hawakutuficha kitu, jambo ambalo ungelisifu. Ulipopata maneno machache, ulituuliza mambo mawili: kama yule ng'ombe mwekundu amezaa, na kama kuna mtu amefika kutoka Kamukuywa. Ng'ombe alikuwa amezaa.

Baada ya mazishi, mgeni wako alibaki kwenye sanduku la mlangoni. Kila aliyeingia aliliona, na kila aliyefagia alilisogeza. Mwezi uliopita tulipoanza kupanga ibada hii ya mwaka, Mama alisema hawezi kupokea watu wa kanisa huku kitu hicho kikiwa bado mlangoni. Alimwambia Dancan achaji betri ya gramafoni. Aliitia santuri ndani ya kisanduku chako cha chanjo, na wakaondoka wawili.

Mary Ann aliwakuta langoni. Aliwasalimu vizuri, aliwapa pole, akasema anasikitika, lakini Mzee hajabadilisha neno lake: yeye ni marehemu.

Mama hakubishana. "Basi mwambie mume wangu naye alienda huko mwaka jana," alisema. "Nimekuja kuuliza habari yake."

Dancan anasema Mary Ann alisimama kwanza, hajui acheke au asali. Kisha aliingia. Halafu kukatoka kicheko cha mtu mzee ndani ya nyumba, kicheko kilichogeuka kikohozi, na sauti ikasema mwingize huyo mama.

Mzee Nyongesa ni mtu mwembamba, Baba, mfupi kuliko sauti yake. Alikuwa amevaa koti juu ya sweta. Alimpa Mama kiti chenye mgongo, akamwangalia. "Karibu, Mama," alisema. "Huko bado sijamwona."

Kisha alimweleza kwamba habari za kifo chako alizisikia redioni, na hakuziamini, kwa kuwa redio ilishawahi kumzika na yeye. Alimtuma Mary Ann hadi Kibomet aje aone kwa macho yake. Mary Ann alikuwepo kwenye mazishi yako, akapanga foleni na wengine, akapita mbele ya jeneza, akarudi akamwambia baba yake kwamba safari hii ni kweli. Katika umati ule hatukumjua. Tunamshukuru sasa.

Mama alisema alichokwenda kusema. "Sikuja kumtetea. Alikosa, na alijua alikosa. Nimekuja na kitu chenu, kwa sababu nimechoka kukipangusa vumbi."

Mzee Nyongesa alimgeukia dada yake. Mama Lorna alikuwa amekaa karibu na dirisha, magongo yameegemea ukutani. Dancan anasema ilionekana wazi kwamba lango la nyumba ile lilikuwa mikononi mwake tangu mwanzo, na kwamba ndugu yake alikuwa amelifunga kwa ajili yake. Mama aliligundua hilo pia. Aliinuka, akamwinamia, akamwambia pole, moja kwa moja, bila kutaja jina lako.

Mama Lorna alimshikilia mkono kwa muda. "Umeingia mjane, unanipa mimi pole," alisema. "Keti. Weka hicho kitu tusikie."

Dancan alifungua gramafoni juu ya meza. Gitaa lilianza, na chupa, na ile sauti ya kijana anayelalamika kwamba ameegesha baiskeli karibu na wauza samaki, akageuka kununua chumvi, akageuka tena hakuna baiskeli. Mzee Nyongesa alisikiliza ameinamisha uso. Hakutikisa mguu wala kidole. Mary Ann alikuwa mlangoni na unga mikononi. Hakuwahi kumsikia baba yake akiimba, hata kanisani.

Wimbo ulipokwisha, wa kwanza kusema alikuwa Mama Lorna. "Uongo mtupu," alisema. "Hiyo baiskeli ilikuwa ya mume wangu, na haikuibwa. Huyu aliiacha kilabuni akarudi kwa miguu, ndipo akatutungia wimbo."

"Usinivunjie jina mbele ya wageni, bana," ndugu yake alisema.

"Jina gani? Wewe si ulishakufa?"

Walicheka wote wawili, na Mama akacheka nao. Kwa hiyo tunakujulisha, Baba, kwamba wimbo ule una kosa la ukweli. Ungetaka kujua.

Wimbo uliwekwa mara ya pili. Mara ya tatu Mzee Nyongesa aliuliza kama wewe uliupenda. Mama alimjibu kwamba hajui, kwa sababu nyumbani hukuucheza. Uliusikia kidogo ulipoinunua santuri, ili kupima kama sindano inaruka, kisha ukairudisha kwenye sanduku. Wimbo mzima, kwa anavyojua yeye, uliusikia mara moja tu, Lwakhakha, mbele ya jeneza la mtu mwingine. Mzee aliigeuza santuri mkononi, akaipeleka karibu na macho, akasoma karatasi ya katikati, ambayo haina jina lake. Aliuliza kama anaweza kubaki nayo. Mama alimwambia ndiyo sababu ya safari.

Hakusema kwamba amekusamehe, na hatutaandika neno ambalo hakulitamka. Mama Lorna naye hakusema. Tumewaalika kwenye ibada ya Jumamosi hapa nyumbani Kibomet. Walisema barabara ni mbaya na nyonga haipendi gari, na hatukuwasukuma. Wakifika watapata nafasi ya kukaa. Wasipofika hatutawahesabia kosa.

Hatujui tutafanya nini na santuri nyingine. Kabati limejaa na chumba kina unyevu. Wanunuzi wanapiga simu. Joy anataka ziende mahali zitakapotunzwa na wataalamu, Dancan anataka zibaki, Mama anataka tu ugomvi wake usizidi ule aliokuwa nao na wewe. Tutaamua tukishapumzika. Kwa sasa tunazipangusa kwa zamu, na tunakiri kwamba zamu nyingine hupita.

Lakini tulitumwa. Wakati wa kuaga, Mzee Nyongesa alimsindikiza Mama hadi nje ya lango, mbali zaidi ya alipozoea kufika, na akamshika mkono. Alimwambia yeye hajui njia ya kukufikia, kwa hiyo sisi tutafute. Sisi pia hatuijui. Njia tuliyo nayo ni tangazo hili la kumbukumbu yako, basi tunaliweka humu jinsi alivyolisema, bila kupunguza.

"Mwambie nimesikia. Mwambie pia tuliupiga mbio sana, yule mwenye studio alikuwa anaangalia saa yake. Huo wimbo ni wa polepole. Kama anaukumbuka huko aliko, asiukumbuke vile. Ajue ni wa polepole."

Ujumbe ndio huo, Baba.

Wanaokukumbuka ni mkeo Peris. Wanao Joy, Dancan na Linet. Mkwe wako Chelimo. Mjukuu wako Sandra. Ndugu zako wa Bungoma na wa Kitale. Na wenye ng'ombe uliowatibu. Tumechoka, lakini tupo, na kukukumbuka hatutaacha.